Tahadhari: Diski Ikijaa, Usikimbilie VACUUM FULL

Wewe unayesimamia hifadhidata ya PostgreSQL na diski imebakiwa na nafasi kiduchu, usiandike VACUUM FULL. Amri hiyo haisafishi jedwali palepale lilipo. Huliandika lote upya katika faili jingine, pamoja na faharasa zake, na faili la zamani huondolewa mwisho kabisa. Jedwali lenye GB 80 za rekodi hai litadai GB 80 nyingine, nawe umebakiwa na 15. Isitoshe, hulifunga kwa kufuli kali kuliko zote: kazi ikiendelea, hata kusoma hakuruhusiwi. Kama ni jedwali la malipo, biashara imesimama.

Tatizo huanzia kwenye UPDATE. PostgreSQL haibadilishi rekodi mahali pake. Huandika toleo jipya na kuliacha la zamani, maana huenda muamala mwingine bado unalihitaji. Sasisha rekodi zote kwa mkupuo na faili hukaribia kuwa maradufu. VACUUM ya kawaida hutenga nafasi ya matoleo mfu ili jedwali hilohilo liitumie tena, na kwa kawaida kinachorudi kwenye diski ni kurasa tupu za mwishoni mwa faili tu. Wengi wakiona matumizi ya diski hayajapungua hudhani amri imeshindwa. Haijashindwa.

Hakikisha mwenyewe leo, kwenye seva ya majaribio. Unda jedwali la rekodi milioni moja, sasisha zote, endesha VACUUM, sasisha tena, huku ukipima kila hatua kwa pg_total_relation_size. Safari ya pili ukubwa hautapanda kama ya kwanza. Sasa rudia, lakini kwanza fungua muamala wa REPEATABLE READ kwenye dirisha jingine, soma chochote, uuache wazi. VACUUM itapita bila kugusa matoleo mfu yaliyozaliwa baada ya hapo, na jedwali litazidi kuvimba. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kutazama kwanza: programu iliyofungua muamala ikasahau kuufunga. Itafute katika pg_stat_activity, kwa tarehe ya xact_start.

Usizime usafishaji wa kujiendesha. Kwa mipangilio ya awali husubiri matoleo mfu yafike asilimia 20 ya jedwali na 50 juu yake. Kwenye rekodi milioni 100, hayo ni milioni 20. Punguza kiwango hicho kwa majedwali makubwa.

Na hata diski ikijaa, kamwe usifute kwa mkono mafaili ya pg_wal, folda ya kumbukumbu za miamala. Zamani folda hiyo iliitwa pg_xlog. Jina lilibadilishwa katika toleo la 10, mwaka 2017, kwa kuwa watu waliifuta wakidhani ni kumbukumbu za matukio tu, wakapoteza hifadhidata.

Diski ikikubana usiku huu, kata muamala ulioganda na uongeze nafasi. VACUUM FULL isubiri muda wa matengenezo, nakala rudufu ikiwa imeshajaribiwa.