Kolbeki si daftari

Waandishi wengi wa programu za simu huamini kuwa bloku ya ukamilisho, ile kolbeki inayosubiri jibu la seva, ndipo mahali pa kuhifadhi matokeo: jibu likija, andika, lisipokuja, mtumiaji ajaribu tena. Programu ya kituo cha majani chai ikijengwa kwa imani hiyo, anayeumia ni mkulima. Karani akishapima, majani huchanganywa na ya wengine, yakapakiwa kwenye lori na kufikishwa kiwandani, iwe Litein au Kapkoros. Hayapimwi tena kwa jina la mwenyewe. Kilo zisizoandikwa papo hapo hupunguza malipo ya mwezi, na bonasi ya mwisho wa mwaka pia.

Bloku huishi kwenye kumbukumbu ya muda ya programu. Mfumo ukiifunga programu ili kupata nafasi, au betri ikiisha, bloku hufa nayo. Apple, walioileta kwenye iPhone mwaka 2010 kupitia iOS 4, wanalijua hilo: kazi za mtandao za URLSession zinazoendeshwa chinichini hazikubali bloku za ukamilisho, ni lazima utumie delegeti. Kwenye Android, WorkManager huiandika kazi katika hifadhidata ili isipotee simu ikizimwa. Kibaya zaidi ni kuuchukulia ukimya kuwa kushindwa. Huenda seva ilipokea kilo 18, jibu ndilo lililopotea. Karani akibonyeza tena, zinakuwa 36. Aliyeunganisha malipo ya M-Pesa kupitia API ya Daraja anaijua tofauti hii: jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa, matokeo huja baadaye, na yasipofika kuna njia ya kuyauliza.

Watasema mtandao umeimarika. Hata ungekuwa imara kila kilima cha Bomet, programu bado ingeweza kufungwa katikati ya kazi. Wengine watataja async na await, zilizoingia Swift mwaka 2021. Ni kweli, zinarahisisha kusoma msimbo, na ninazipenda kwa hilo. Lakini kusubiri kwenyewe kumebaki kwenye kumbukumbu ileile. Kinachotakiwa ni kuandika kilo kwenye hifadhidata ya simu kabla ya kutuma, kwa namba ya pekee, na kumpa mkulima risiti kutokana na maandishi hayo. Kolbeki ibaki na kazi ya kuweka alama kuwa zimefika. Hadi hapo skrini iseme "inasubiri", na seva ikiiona namba ileile mara ya pili, ijibu bila kuongeza hata kilo moja.