Njia Inayofunguka ni ya Nani?

Kila mwaka, uingiapo mwezi wa Septemba, barafu ya Bahari ya Aktiki inapokuwa imepungua hadi kikomo chake, wenye merikebu hupashana bishara kwamba njia ya kaskazini imefunguka, na kwamba shehena itokayo China kwenda Ulaya yaweza kupita juu ya Urusi kwa safari fupi kuliko ile ya mfereji wa Suez. Nami kila nizisomapo habari hizo hujiuliza jambo ambalo waandishi wake aghalabu hawaliulizi: imemfungukia nani, na imemfungia nani?

Maana sisi tuliozoea maji yaliyo maji mwaka mzima twadhani kwamba bahari ikiganda imekufa, ilhali kwa Wainuit wa Greenland, Kanada na Alaska, bahari ikiganda ndipo inapopitika. Barafu hiyo wao huiita siku (na kufanana kwake na neno letu ni sadfa tupu, ingawa ni sadfa inayonipendeza). Haiji kwa pupa. Maji ya chumvi hungoja baridi ishuke takriban digrii 1.8 chini ya sifuri, na hata hapo hayashikani mara moja: kwanza huzuka chembe nyembamba mithili ya sindano, uso wa bahari ukawa mzito kama uji, kisha uji huo, kwa kuchezewa na mawimbi, hugeuka visahani vya duara ambavyo kingo zake zimeinuka kwa kugongana, na visahani vikaungana vikawa sakafu. Nayo sakafu, kadiri inavyokaa, huitema chumvi yake chini, hata barafu iliyovuka viangazi kadhaa ukiiyeyusha waweza kunywa maji yake.

Wala haitulii. Mwaka 1881 merikebu Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini ya Siberia, na miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaokotwa kusini-magharibi ya Greenland. Fridtjof Nansen, Mnorwe, akang'amua kwamba barafu yote ile inasafiri, akaagiza iundwe merikebu Fram yenye tumbo la mviringo ili ikibanwa inyanyuke, akaiingiza kifungoni kwa hiari mwaka 1893, nayo ikatoka salama karibu na Svalbard mwaka 1896. Hivyo ndivyo alivyokitafuta kile ambacho manahodha hukikimbia.

Lakini barafu iliyo karibu na pwani hushikamana na nchi kavu, na hapo ndipo palipo riziki: ndiyo njia ya mbwa wavutao mikokoteni isiyo na magurudumu, na ndipo mwindaji anapolinda tundu ambalo sili hujia kupumua. Sasa barabara hiyo yachelewa kuja na kuwahi kuondoka. Mnamo Septemba 2012 satelaiti ziliiona barafu ya Aktiki ikiwa imebaki kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, pungufu ya nusu ya ile ya mwaka 1980.

Atasema msemaji kwamba barafu ielelayo ikiyeyuka haipandishi maji ya bahari, basi yatuhusu nini? Kweli, haipandishi, ila weupe wake hurudisha mbinguni zaidi ya nusu ya nuru ya jua, na maji meusi yanayoshika nafasi yake huimeza karibu yote, joto likazaa joto.

Mwaka 2005 Sheila Watt-Cloutier, Muinuit wa Kanada, pamoja na wenzake 62, waliishitaki Marekani mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, wakidai kwamba moshi wake, unaolichochea joto hilo, unawaharibia maisha. Tume haikuliendeleza shauri hilo. Mwaka 2007 iliwasikiliza, basi. Na kule Shishmaref, kijiji cha Alaska kilicho juu ya kisiwa chembamba, ambacho zamani barafu ilikikinga na tufani za vuli, mawimbi yanakula ufuo, na wenyeji walipiga kura ya kuhama mwaka 2016, lakini fedha za kuhamia ni nyingi kuliko uwezo wao. Kijiji hicho kiko kaskazini kidogo ya mlangobahari wa Bering, zinamopita merikebu hizo hizo zinazoshangiliwa. Kwa rai yangu, ushuru wa kwanza wa njia hiyo mpya ulipwe Shishmaref.