Mtoto Huyu Hategei

Hapa Dodoma, mtoto wa miaka 10 akilalamika kwamba miguu, mgongo na mabega vyote vinamuuma, nyumbani ataambiwa anakua. Shuleni ataambiwa anategea. Majibu haya yameumiza watoto wengi, na ni wakati tuyaache.

Maumivu ya kukua yapo, lakini yana tabia zake. Hushika miguu yote miwili, huja jioni au usiku, na kukikucha mtoto anakimbia kama kawaida. Hachechemei, wala goti halivimbi. Sasa mtazame yule anayeamka amechoka kuliko alivyolala, anayeinua dumu la maji kisha anashika kiuno kama bibi yake, na miezi 3 imepita hali ni ileile. Kitaalamu hayo ni maumivu sugu. Kukua hakuhusiki.

Cha kwanza apimwe selimundu. Nchini kwetu huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa nayo, na maumivu ya mifupa ndiyo dalili yake kubwa. Wapo wanaochanjwa chale magotini kabla ya kuchukuliwa tone moja la damu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapahapa mjini, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Huduma hiyo itamsaidia nini mtoto wa Bahi au Mpwapwa ambaye kwao wanasubiri akue?

Vipimo vikirudi safi, ndipo dhuluma inapozidi: "Umeona? Alikuwa anadeka." Hapana. Mishipa ya fahamu na ubongo vinaweza kuendelea kupiga kengele ya maumivu bila jeraha linaloonekana kwenye picha, na anayeumia anaumia kweli. Maumivu hayo pia hubadilika. Mwaka huu ni shingo, mwakani ni mgongo na nyonga, usingizi unapungua, mtoto anaanza kukosa shule. Wapo wanaopona. Lakini watafiti wa Cincinnati, Marekani, waliowafuatilia vijana wenye fibromialjia, yaani maumivu sugu ya aina hiyo yanayoenea mwilini, walieleza mwaka 2014 kwamba zaidi ya asilimia 80 walifika utu uzima wakiwa bado na dalili. Anayesema "itapita yenyewe" anacheza kamari na mwili usio wake.

Na tiba si diklofenaki ya duka la dawa kila wiki, wala kumlaza mtoto kitandani hadi misuli ilegee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mazoezi, msaada wa kisaikolojia, na dawa pale tu zinapofaa. Mengi ya hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji mganga wa zahanati atakayemuuliza mtoto mwenyewe, tena ampe muda wa kujibu. Mwalimu naye aweke fimbo chini, ampunguzie mtoto huyo madumu ya maji, ila asimtoe uwanjani wenzake wanapocheza.