Daftari la Taifa na Msomaji wa Lafey: Tumpime Vipi Mwandishi wa Habari za Fedha?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, hawakututajia ni nani apaswaye kulifungua daftari hilo na kulisoma hadharani. Katika dola ya leo, jukumu hilo limemwangukia mwandishi wa habari za fedha. Mfugaji wa Lafey, katika Kaunti ya Mandera, mpakani mwa Kenya na Somalia, hana njia ya kufika Hazina ya Taifa akakague kilichoingia na kilichotoka. Analolijua kuhusu kodi yake ni lile aliloandikiwa na mtu asiyemjua. Je, amwamini kwa kigezo gani? Maoni yangu ni kwamba umaarufu wa mwandishi, cheo chake, hata ujasiri wake, havitoshi. Kipimo cha haki ni nyayo anazoziacha, ambazo msomaji anaweza kuzifuata mpaka kwenye chanzo cha habari.

Tuchukue mfano wa John Githongo. Katika miaka ya 1990, Githongo alikuwa mwandishi wa safu katika gazeti la The EastAfrican, na aliliandikia pia jarida la The Economist la Uingereza. Kalamu yake ilijikita katika uchumi wa Kenya na ufisadi ulioutafuna. Baadaye aliongoza tawi la Kenya la shirika la Transparency International, na Januari 2003 Rais Mwai Kibaki akamteua kuwa Katibu wa Kudumu anayehusika na utawala bora na maadili. Mwandishi aliyezoea kubisha hodi akawa sasa amekaribishwa ndani. Wengi walidhani kalamu yake ingenyamaza, kwa maana mdomo uliojaa hauongei. Mambo hayakuwa hivyo.

Aliyoyakuta humo ndani yalikuja kujulikana kama kashfa ya Anglo Leasing. Serikali ilitaka mfumo mpya wa kuchapisha pasipoti. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya euro milioni 6. Zabuni ikapewa kampuni iliyoitwa Anglo Leasing and Finance kwa takriban euro milioni 30, huku kazi yenyewe ikitarajiwa kufanywa na kampuni ile ile ya Ufaransa. Mbunge Maoka Maore alipoifikisha habari hiyo Bungeni mwaka 2004, fedha zilizokuwa zimekwisha kulipwa zikarudishwa kimyakimya. Ni mkopeshaji gani huyo arudishaye fedha bila kudaiwa, wala asijitokeze kudai haki yake? Githongo aliendelea kuchunguza hadi Februari 2005, alipojiuzulu akiwa London. Taarifa yake kwa Rais, ya Novemba 2005, ilichapishwa magazetini Januari 2006, na mwezi uliofuata Waziri wa Fedha, David Mwiraria, akajiuzulu.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kutofautisha msimulizi wa kuaminika na asiyeaminika. Hatumwamini msimulizi kwa kuwa amesema ni mkweli. Tunayalinganisha maneno yake na matukio. Githongo aliiacha simulizi yake wazi kwa kipimo hicho. Aliweka kumbukumbu zenye tarehe, akataja nani alisema nini na wapi, na baadhi ya mazungumzo aliyanasa kwenye kinasa sauti. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Umma ilisafiri hadi London mwaka 2006 kumhoji. Asiyempenda Githongo angeweza kuzisoma tarehe hizo na kuzipinga moja baada ya nyingine. Hapo ndipo ilipo thamani ya kazi yake.

Lakini haki haina upendeleo. Wapo waliomlaumu kwa kuwarekodi wenzake kwa siri, na hoja yao ina uzito wa kimaadili. Aidha, mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimwamuru amlipe waziri wa zamani, Chris Murungaru, fidia ya shilingi milioni 27 kwa kumharibia jina. Hukumu hiyo inatufunza kwamba taarifa inaweza kuonyesha kasoro ya mkataba, na bado kila jina lililotajwa ndani yake likahitaji ushahidi wake. Kadhalika, mwaka 2014 serikali ililipa takriban shilingi bilioni 1.4 kutokana na mikataba iyo hiyo, baada ya kushindwa katika mahakama za ng'ambo. Msomaji aliyemchukua mwandishi kuwa mtume angevunjika moyo kwa habari hizo. Aliyemchukua kuwa shahidi angeendelea kuuliza maswali, na huyo wa pili ndiye raia tunayemhitaji.

Msomaji atauliza, Lafey inaingiaje katika kisa cha Nairobi na London? Inaingia kwa mlango wa pasipoti yenyewe. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wakaguliwe upya, na waliothibitishwa wakapewa kadi za rangi ya waridi ili kuonyesha kuwa ni raia. Kwa miaka mingi baadaye, kijana wa Mandera, Wajir au Garissa aliyetaka kitambulisho alisimama mbele ya kamati ya kumpiga msasa, jambo ambalo mwenzake wa Nyeri hakulijua. Agizo la Rais William Ruto la kuuondoa utaratibu huo lilitiwa saini Wajir Februari 2025. Basi tafakari: katika miaka ile ile ambayo kijana wa Lafey aliambiwa athibitishe uraia wake kabla ya kupata hata kitambulisho, taifa lake lilikuwa likifunga mkataba wa pasipoti kwa bei iliyozidi mara tano. Yeye aliulizwa babu yake ni nani. Kampuni ile haikuulizwa wenyewe ni nani. Habari ya fedha ilikuwa habari yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo, haikumfikia ipasavyo. Taarifa ya Githongo iliandikwa kwa Kiingereza, na kitabu cha Michela Wrong cha mwaka 2009 kuhusu mkasa huo kilitoka kwa Kiingereza. Kwa asiyeijua lugha hiyo, nyayo tulizozisifu hapo juu zimefutika. Anabakia na uvumi, au na imani tupu kwa mtangazaji. Nasi wanachama wa chama hiki tutajiteteaje? Tunabishana juu ya vina na mizani, ilhali zabuni, hati za ahadi ya malipo na ripoti za Mkaguzi Mkuu hazina mfasiri.

Napendekeza chama chetu kianze na kazi ndogo inayowezekana: kila toleo la jarida hili libebe ripoti moja ya hesabu za umma iliyofasiriwa kwa Kiswahili sanifu, pamoja na tarehe na tarakimu zake zote, na nakala ipelekwe kwenye maktaba za shule za kaunti za kaskazini mashariki. Mwanafunzi wa Lafey akiisoma, ataweza kumwamini mwandishi au kumkataa kwa hoja. Daftari ni lake pia.