Mchezo kwa Jina, Kazi kwa Jasho

Ipo lawama moja ambayo imekuwa kama wimbo katika vyumba vya walimu na katika baraza za watumishi wa umma baada ya saa za kazi. Husemwa kwamba vijana wa leo ni wavivu. Kwamba wameinamia simu tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Kwamba michezo ya video imewalevya na kuwaondolea moyo wa kazi. Lawama hiyo hutolewa na watu wenye nia njema. Lakini nia njema si hoja. Kabla mtu hajahukumiwa kuwa mvivu, haina budi kwanza kutazama mikono yake inafanya nini, na wengi wa wanaolaumu hawajatazama.

Uchukuliwe mfano wa mchezo mmoja tu, uitwao Geometry Dash. Mchezo huo ulitolewa mwezi wa Agosti 2013 na Robert Topala, mtengenezaji wa Sweden, kwa jina la kampuni yake ndogo ya RobTop Games. Kwa macho hauna makuu. Kipande cha mraba kinakimbia chenyewe kutoka kushoto kwenda kulia. Hakisimami wala hakirudi nyuma. Mbele yake ipo miiba, yapo mashimo na zipo kuta. Analoweza mchezaji ni kugusa kioo ili kipande kiruke. Vikwazo vyote vimepangwa kufuata mapigo ya muziki, hata mchezaji hodari huruka kwa sikio kama arukavyo kwa jicho, mfano wa mcheza ngoma asiyehitaji kuhesabu hatua zake. Akikosea kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, hurudishwa mwanzo, na kioo kinamwandikia hilo ni jaribio lake la ngapi. Ziko ngazi ambazo mtu huzijaribu mara elfu kadhaa kabla ya kuzipita.

Lakini hiyo ni nusu ya mambo, na ndiyo nusu pekee inayoonwa na mzazi anayechungulia begani kwa mwanawe. Nusu ya pili ni karakana. Ndani ya mchezo huo huo mna sehemu ya kujengea, ambamo mchezaji yeyote huweza kutengeneza ngazi yake na kuipeleka kwa wachezaji wenzake duniani. Mwenye mchezo, kwa miaka yote hii, ametengeneza ngazi kuu 22. Karibu zote zilizobaki zimejengwa na wachezaji. Kila ngazi inayopelekwa hupewa namba yake, na namba hizo zimekwisha pita milioni 100. Hata zikiondolewa zote zilizofutwa, na zote zilizo majaribio ya mikono ya watoto, bado ukweli unasimama pale pale: nyumba hii ina msingi wa mtu mmoja, lakini matofali yake yamefyatuliwa na umati.

Na kufyatua tofali hilo si kazi ya mzaha. Mjenzi huchagua muziki, huusikiliza mara nyingi, na kuupima vipande vipande. Huweka jiwe baada ya jiwe, mwiba baada ya mwiba, kila kimoja mahali ambapo pigo la muziki litaangukia. Hupanga rangi na mwanga. Huweka vichochezi visivyoonekana vinavyoamuru kitu kisogee, kififie au kisubiri, na kila amri hutegemea nyingine. Mwalimu wa hesabu akikaa karibu naye kwa saa moja ataona uwiano, majira, mfuatano na mantiki, yaani mambo yale yale anayohangaika kuyafundisha ubaoni kwa chaki.

Zaidi ya hayo, ipo sheria moja ambayo watu wengi wenye madaraka wangefaa kuifahamu. Hakuna anayeruhusiwa kutoa ngazi yake kwa umma kabla ya yeye mwenyewe kuipita, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuanguka hata mara moja. Anayewapangia wenzake miiba hana budi kuikanyaga kwanza. Pale ngazi inapokuwa ngumu mno kwa mjenzi, hutafutwa mchezaji hodari wa kuithibitisha. Ngazi mashuhuri ya Bloodbath, iliyothibitishwa mwaka 2015 na mchezaji ajulikanaye kwa jina la Riot, ilijengwa na kundi la watu, kila mmoja akishika sehemu yake. Huo ni ushirika wa kazi, wenye kugawana majukumu, wenye kukaguana na wenye nidhamu ambayo ofisi nyingi zinaitamani.

Je, huo ndio uvivu? La hasha. Maandishi ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 yalipinga elimu inayotenganisha kujifunza na kutenda. Kijana anayejenga ngazi anajifunza kwa kutenda. Kumwita mvivu ni kutukana kazi kwa sababu tu haikushika jembe wala haikukaa mezani pamoja na mafaili.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza, nalo ni la wazee. Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la soko. Ikiwa ni kazi, malipo yake yako wapi?

Ngazi inayokubaliwa hupewa nyota, lakini nyota hizo huchumwa na yule anayeipita. Mjenzi hupata pointi za mjenzi: moja ngazi yake inapokubaliwa, nyingine inapoteuliwa kuwa bora. Pointi hizo humpa jina na heshima miongoni mwa wenzake. Haziwezi kununua daftari. Fedha za anayenunua mchezo, na za matangazo yanayooneshwa katika toleo la bure, huenda kwa mwenye mchezo. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Hapa aliyechuma juani amebaki juani, na kivuli kina wenyewe.

Atakayetaka ushahidi autafute katika kalenda. Toleo la 2.1 la mchezo huo lilitoka Januari 2017. Toleo kubwa lililofuata, la 2.2, lilitoka Desemba 2023. Kwa karibu miaka 7 mchezo mkuu haukuongezewa na mwenyewe hata ngazi kuu moja. Bidhaa nyingi za aina hiyo, zikikaa miaka 2 bila kitu kipya, hufa na kusahauliwa. Huu haukufa. Ni nani aliyeulisha? Ni wajenzi, ambao kila siku, usiku na mchana, waliendelea kumimina ngazi mpya, kila mmoja akitaka kumpita mwenziwe kwa ufundi. Dukani bidhaa iliendelea kuwa ile ile na bei yake. Ndani ya bidhaa jasho lilikuwa la watu wengine.

Haki inataka isemwe pia kwamba Topala si kabaila mwenye kiboko. Mchezo wake huuzwa kwa bei ndogo, isiyozidi dola 5 za Marekani. Vifaa vya kujengea alivitengeneza mwenyewe, akavitoa kwa kila mchezaji, na hakumlazimisha mtu yeyote kuvishika. Hoja si tabia ya mtu mmoja huko Sweden. Hoja ni utaratibu. Chini ya utaratibu mbaya, mtu mwema naye hujikuta ameshika mrija, na chini ya utaratibu huo huo mtu mbaya huunenepesha mrija ule bila haya.

Wako watakaojibu kwamba vijana hao wanajitolea, na kwamba kujitolea ni sifa njema. Hoja hiyo inafaa kujibiwa na mwanakijiji yeyote aliyewahi kwenda msaragambo. Wanakijiji wanapobeba mawe na kuchimba msingi bila ujira, shule inayosimama ni shule yao. Watoto wao watasoma humo, na mkutano wao wenyewe utauliza habari za bati lililopotea. Kujitolea ni kutoa jasho kwa ajili ya mali ya wote. Kutoa jasho kwa ajili ya mali ya mtu mwingine, ambayo huna kauli juu ya mapato yake wala juu ya kesho yake, kuna jina jingine, na jina hilo halikuwa geni katika kurasa za gazeti la Chama.

Wako pia watakaosema kwamba vijana wanafurahia, na mwenye furaha hadai mshahara. Hoja hii ni hatari kuliko ile ya kwanza. Seremala hodari hufurahia kuona mlango umekaa sawasawa katika fremu yake, lakini hakuna mteja anayemwambia kwamba furaha hiyo ndiyo malipo. Hakuna mwalimu aliyewahi kukatwa mshahara kwa sababu alionekana akitabasamu darasani. Tangu lini mapenzi ya kazi yakawa sababu ya kumnyima mfanyakazi haki? Ikikubaliwa leo kwa mjenzi wa ngazi, kesho itaelekezwa kwa muuguzi, kwa msanii na kwa mwalimu mwenyewe.

Wala jambo hili halikuanza na mchezo mmoja. Mwaka 1999 wachezaji wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walitengeneza Counter-Strike juu ya mchezo wa Half-Life uliokuwa mali ya kampuni ya Valve. Mwaka 2000 kampuni hiyo ilinunua haki na kuwaajiri. Basi kulipa kuliwezekana. Kinyume chake kilionekana baadaye. Kutokana na ramani iliyotengenezwa na wachezaji ndani ya Warcraft III, mchezo wa kampuni ya Blizzard, ulizaliwa mwaka 2003 mchezo wa Dota, uliokuja kuwa chanzo cha utajiri mkubwa. Makampuni makubwa yakagombea jina lake hadi yalipopatana mwaka 2012. Na ilipofika mwaka 2020, Blizzard ilipotoa upya mchezo wake wa zamani, masharti yake yalitamka kwamba michezo itakayobuniwa na wachezaji ndani yake ni mali ya kampuni. Funzo ambalo ubepari ulilipata kutokana na ubunifu wa wachezaji halikuwa kuwalipa wabunifu. Lilikuwa kufunga mlango mapema.

Hata wataalamu wameliona. Mwaka 2005 mtafiti Julian Kücklich aliunganisha neno la Kiingereza la mchezo na lile la kazi, akapata neno moja jipya la kuitaja hali hii. Na kampuni ya Roblox ya Marekani, ambayo nayo hutegemea michezo inayojengwa na watumiaji wake, ina utaratibu wa kuwawezesha baadhi yao kubadili mapato yao kuwa fedha halisi. Watu wanaweza kubishana, na wanabishana, kama fungu hilo ni la haki. Lakini kampuni inapolipa hata senti moja, imekwisha kiri kwamba kilichofanyika ni kazi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kila mwenye kufanya kazi apate malipo ya haki kutokana na kazi yake. Azimio halikusema kazi ya shamba tu, wala ya kiwanda tu. Wakati lilipoandikwa hakuna aliyeweza kuota kwamba siku moja kiwanda kitaingia mfukoni mwa kijana, kiwake kwa taa ya rangi na kupiga muziki. Lakini kiwanda ni kiwanda hata kikipakwa rangi.

Haya yasichukuliwe kuwa kibali cha kila anayeshika simu. Anayecheza tu anacheza, na hakuna ubaya katika kucheza baada ya kazi. Saa ya darasa ni saa ya darasa, na saa ya ofisi ni mali ya wananchi. Hapa anatetewa mjenzi, anayetoa kitu ambacho hakikuwapo na ambacho wengine wanakitumia.

Wajibu wa mwalimu, basi, hauishii katika kunyang'anya simu na kuifungia kabatini. Amuulize kijana anachojenga. Akishaoneshwa, amuulize maswali matatu: ngazi hii ikipendwa na watu milioni, wewe utapata nini? Mwenye mchezo akizima mitambo yake kesho, kazi yako itabaki wapi? Na masharti uliyoyakubali kwa kugusa kioo mara moja, uliyasoma? Somo la uraia halina mfano ulio hai kuliko huo. Mtumishi wa umma naye, mwenye kazi ya kutunga au kusimamia sheria za hakimiliki na za ajira, asidhani kwamba jambo la kitoto halimhusu. Mikataba mikubwa ya ulaghai katika historia ilitiwa saini na watu walioambiwa kwamba karatasi ile ni jambo dogo.

Madai yenyewe si makubwa. Mjenzi atajwe kwa jina kila ngazi yake inapotumika kuuzia bidhaa. Awe na haki ya kuichukua kazi yake na kwenda nayo. Na pale mapato yanapotoka katika jasho la wengi, fungu lililo wazi liwarudie wengi hao. Mchezo wenyewe tayari una sheria ya haki kuliko soko lake: anayeweka mwiba lazima aupite kwanza. Watu wanaosema kwamba heshima na pointi zinatosha kuwa malipo nao waipite ngazi hiyo kwanza. Wapokee mishahara yao ya mwezi huu kwa pointi, kisha warudi kueleza walinunulia nini sokoni.