Kilwa si samaki tu

Mtu wa Lubumbashi anaijua Kilwa kwa mdomo: samaki wa ziwa Mweru, mkavu au mbichi, kando ya bukari na lengalenga. Ni wangapi wetu wamesimama ufukoni kule wakakitazama kisiwa chenye jina hilohilo, ambacho leo ni cha Zambia?

Kuna Kilwa nyingine inayotembelewa: Kilwa Kisiwani ya Tanzania, aliyoifikia msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Wageni huvuka kwa boti kwenda kuona msikiti mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, na kijiji bado kinaishi palepale.

Nasi tungependa kuitembelea Kilwa yetu na kisiwa chake: serikali ya jimbo letu itupe barabara ya kufika huko inayopitika hata wakati wa mvua, boti zenye maboya, na kibali chepesi cha kuvuka mpaka. Nauli tutajilipia.