Fainali ipigwe Jumapili

Mhariri,

Fainali ya CHAN ilipochezwa Kasarani Jumamosi, Agosti 30, 2025, Morocco wakaifunga Madagascar 3-2, mimi nilikuwa kwenye zamu. Mtaa wetu wa Mukuru kwa Njenga hulisha viwanda vya Industrial Area kwa nguvu zake. Alfajiri hutukuta barabarani tukienda kwa miguu, na kibarua akikosa siku moja tu, kesho yake jina lake halisomwi getini. Jumamosi kwetu ni siku ya kazi kama Jumanne.

Najua Ulaya waliihamisha fainali ya Ligi ya Mabingwa kutoka Jumatano hadi Jumamosi mwaka 2010, na huko inawafaa. Hapa mambo ni tofauti. Majirani zangu wengi ni Wasabato. Jumamosi wako kanisani, na wala siwaombi waache ibada kwa ajili ya mpira. Sisi wa Jumapili huwa tumetoka misani kufikia saa saba.

Kenya ilipoilaza Kongo 1-0 Agosti 3, ilikuwa Jumapili. Mtaa mzima ulitazama. Robo fainali dhidi ya Madagascar ikawekwa Ijumaa, tukasikia habari za penalti tukiwa njiani kurudi nyumbani.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Tanzania na Uganda. Wanaopanga ratiba waweke fainali Jumapili, saa tisa alasiri, ili mtu wa Mukuru afike uwanjani na arudi mapema. Jumatatu tunaamka saa kumi.

Mfanyakazi wa kiwanda,
Mukuru kwa Njenga, Nairobi